Maji ya Kurudi Penye Kingo Nyeusi

Tabitha, zima hiyo redio, hali ya hewa ya kesho hainihusu tena. Wilbert, keti chini, maana ukisimama mlangoni na tumbo lako hilo hema lote linaingia giza. Noel, wanyamazishe mbwa wako. Na wewe Enoch, usikae nje kwenye gogo kama mtu aliyekuja kuazima shoka. Ingia. Matawi ya msonobari ni mabichi, Tabitha ameyatandika asubuhi hii, keti hapo karibu na miguu yangu. Wilbert, usinikunjie uso, mimi ndiye niliyemwita, na hema hili bado ni langu mpaka nitakaposema ni la nani.

Nimekula miaka themanini na minne. Nesi alitaka kunipandisha ndege anipeleke kusini wakanilaze kwenye kitanda chenye magurudumu, nikamwambia, binti yangu, asante, lakini mimi nimezaliwa kwenye matawi ya msonobari na sina kiu ya kufa nikitazama dari jeupe. Hivyo msinililie. Nimelala nikisikia mto, tumbo langu lina supu ya samaki, wanangu wote watatu wako hapa na wa nne nimemwita. Nimeridhika. Kuna jambo moja tu linalonikaa kooni, na nikilitoa nitapumua vizuri kwa muda ule uliobaki. Msinikatize, maana pumzi ninayo ya safari moja tu.

Nianze na vitu, kwa sababu najua kila mmoja anavihesabu kimoyomoyo. Hema hili ni la Tabitha, pamoja na cherehani na kisu changu cha kupasulia samaki, na chai yako, mwanangu, iache ichemke zaidi, unatunywesha maji ya moto. Injini ya boti ni ya Noel, kwa sharti kwamba asiibadilishe na mbwa mwingine. Bunduki ya baba yenu ni ya Wilbert. Nyumba ya mjini, ile ya serikali yenye namba mlangoni, muachieni yeyote anayependa kulipasha joto jumba kubwa kwa faida ya sebule tupu. Vitu vimekwisha. Mali yangu ya kweli ni mto, na mto hauandikwi kwenye karatasi, ndiyo maana nausema.

Kule vichwani mwa mto, milimani, maji yanatoka chini ya barafu isiyoyeyuka, na msidhani ni mchezo kwa kuwa unaweza kuruka ng'ambo bila kulowesha kiatu. Babu yenu alizaliwa huko, wakati sisi Wagwichin wote wa mto huu tulipokuwa tukiishi na karibuu, wale kulungu wa nchi ya barafu, tukienda kundi linapokwenda. Chini ya hapo kuna korongo. Mkipita korongoni nyamazeni, zimeni injini, tieni majani ya chai kidogo majini, na msinieleze kwamba ni mambo ya kizamani, maana aliyekuwa akiyacheka alikuwa mume wa Persis, mamake Enoch, na korongo lilimchukua yeye, mtumbwi na mbwa sita. Mkitoka korongoni ndipo mto unapopanuka na kutulia, na upande wa kulia ni mdomo wa Kijito cha Panya wa Maji, penye mabaki ya mabomba ya moshi kwenye nyasi. Hapo ndipo palipokuwa duka la kwanza la manyoya. Mama yangu alipeleka hapo ngozi za panya wa maji mia mbili akarudi na birika, na birika lile ndilo linalochemka hapo nje. Watu walijenga vibanda kuzunguka duka, likaja kanisa la magogo, ikaja kengele, tukaanza kujiita mji. Kisha mwaka niliofikisha kumi na minne barafu ilikwama kwenye kona wakati wa kuvunjika, maji yakapanda usiku mmoja, na asubuhi kengele ya kanisa ilikuwa imekaa juu ya mti. Serikali ikatuhamishia kilimani, pale penye kivuko, ikaweka mstari wa nyumba zinazofanana, na kwenye ramani ikaupa mto jina la mzungu ambaye hakuwahi hata kunawa uso ndani yake. Sisi tukaendelea kuuita Mto wa Kingo Nyeusi. Na chini kabisa, siku mbili kwa boti, ndipo Mdomoni, mto unapoingia kwenye mto mkubwa, penye uwanja wa ndege, hospitali ndogo na nyumba ya wazee.

Lakini katikati ya hayo yote kuna hapa. Hapa ndipo nilipoolewa, ndipo mlipokulia, na hapa ndipo mnapotaka kuuana.

Nimesikia yote. Mnadhani mzee akifumba macho na masikio yamefungwa. Wilbert, wiki iliyopita uliung'oa wavu wa Enoch ukautupa kwenye mierebi na samaki wakiwa ndani yake. Enoch, ulimwita mwizi mbele ya wajukuu wake. Mlisimama kila mmoja na kasia lake, wanaume wawili wenye meno ya bandia, na kama Noel asingewacheka mngepasuana vichwa. Na sasa kesi iko barazani Ijumaa.

Naijua kesi yako, Wilbert, na naikubali kila neno. Kwetu mtu hamiliki ukingo, anamiliki maji. Pale mto unapojigonga kwenye kona, maji yakageuka na kurudi nyuma taratibu, samaki weupe wanapumzika, na wavu ukiuweka hapo unajaa bila kupasuka. Mwenye maji ya kurudi husimika nguzo ya wavu ukingoni, yenye chale zake mwenyewe, na akiondoka majira ya baridi huiacha imesimama. Barafu ikishapita na nguzo ikaonekana, maji yana mwenyewe. Isipoonekana, ni ya atakayetangulia kufika. Na mto ukiyahamisha maji, mwenyewe huyafuata na nguzo yake, hata yakihamia mlangoni kwa mtu mwingine. Ndivyo tulivyofanya siku zote.

Sasa miaka mitatu iliyopita ukingo wetu uliyeyuka. Ardhi iliyoganda tangu dunia iumbwe ilianza kulia matone, kisha ikashuka yote mtoni pamoja na misonobari ikiwa imesimama wima. Hapa mbele yetu pakawa changarawe. Nyavu zetu zikaanza kuvua magogo. Maji yetu ya kurudi yakavuka mto, yakaenda kukaa mbele ya kambi ya Enoch, ambaye maisha yake yote alivua kwenye maji ya haraka na kushona nyavu zilizochanika. Enoch anasema ni maji mapya, Mungu kamletea. Wewe unasema ni yaleyale, yamehama tu, na mwenyewe anayafuata. Wazee wa baraza watakusikiliza wewe. Ijumaa utashinda, na Enoch na wajukuu wake saba watarudi kushona nyavu.

Utashinda kwa sababu nilidanganya.

Keti, Wilbert. Nimesema keti.

Mimi na Persis tulikuwa rika moja, tulitobolewa masikio siku moja. Maji ya kurudi ya hapa yalikuwa yake, ya baba yake kabla yake, na ya babu yake kabla ya duka. Baba yenu Amos na mimi tulikuwa tukivua chini kidogo, mahali pa kawaida, hatukufa njaa. Kisha kifua kikuu kikaingia mtoni. Kila kiangazi meli ya wagonjwa ilipanda kutoka Mdomoni, daktari akawapiga watu picha ya kifua palepale kwenye meli, na ambaye picha yake ilikuwa na doa hakuruhusiwa kushuka. Persis, korongo likiwa limeshamfanya mjane, alipanda akiwa amembeba Enoch, mtoto wa mwaka mmoja, akadhani ni jambo la nusu saa. Hakushushwa. Walimruhusu kuja kwenye ukingo wa meli tu, akanipitishia mtoto juu ya maji, mikononi mwangu, nami nimesimama kwenye mtumbwi. Akasema, "Dorcas, nishikie mtoto na maji yangu mpaka nirudi." Meli ikaondoka. Watu waliondoka hivyo, wengi, na wengine hatujui hata walikozikwa.

Nilikuwa na miaka mitano ya ndoa bila mtoto. Wilbert, ulikuja baadaye, wala usinione nakupunguzia kitu. Ila huyu mwenye mvi hapa miguuni pangu ndiye wa kwanza kulala kifuani mwangu. Nilimtafunia nyama. Nilimshonea viatu vyake vya kwanza vya ngozi, akavitupa mtoni, nikamshonea vingine. Akaniita mama, nami nikaitika. Nilivua kwenye maji ya mama yake, nguzo ya mama yake ikiwa imesimama pale na chale zake tatu, na majira manne ya barafu yalipita pembeni mwake bila kuigusa. Hakuna aliyeuliza nguzo ni ya nani, kwa sababu aliyeonekana pale kila siku ni mimi. Naapa kwamba miaka yote minne niliitunza kwa nia njema. Niliombea Persis apone. Baadhi ya siku niliomba kwa sauti ndogo kidogo, Mungu anajua, lakini niliomba.

Akapona. Mwezi wa nane mwaka wa nne alishuka kwenye meli, mbavu tatu hana, walizitoa kutibu kifua, amevaa koti la watu wa kusini. Akafika hapa akachutama, akamnyooshea mtoto mikono. Mtoto akakimbia nyuma ya sketi yangu. Hakumjua. Alinishika mguu kwa vidole vyake vyote, na mimi, wanangu, mimi ndiye niliyevibandua, kimoja kimoja, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana juu ya maji. Persis akamfunga kwa shali kwenye mtumbwi akavuka naye ng'ambo, na mtoto alilia njia nzima, "Mama! Mama!", na Persis akimwambia, "Nipo hapa," naye akilia akiangalia huku.

Jua likiwa bado kichwani niliteremka ukingoni. Niliitazama ile nguzo. Kesho yake nilitakiwa nivuke niseme, Persis, na maji yako haya hapa. Nikashindwa. Mtoto nilikuwa nimemrudisha asubuhi, na sikuwa na nguvu ya kurudisha vyote viwili kwa siku moja, wala kwa wiki moja, na baadaye ikawa aibu, na aibu ukiiacha ilale inaota mizizi. Niling'oa nguzo. Nikaipachika juu ndani ya banda la moshi, miongoni mwa fito za kuanikia samaki, nikasimika ya baba yenu mahali pake. Persis alipokuja kuuliza nikamwambia barafu ya mwaka wa pili ilikwenda nayo, na Amos ndiye aliyetangulia kufika. Akatazama mto, akatazama banda la moshi, akasema, "Sawa, Dorcas." Hakurudia tena neno hilo. Amos naye aliporudi kutoka kubeba mizigo Mdomoni aliiona nguzo yake imesimama mahali ambapo hakuisimika, akanitazama, akanywa chai yake. Nilimpenda kwa hilo na nilimchukia kwa hilo.

Tabitha, maji kidogo. Hapana, usinipanguse, ninywe tu.

Ndivyo mlivyolelewa, wanangu. Kila samaki aliyewatia mafuta mashavuni alikuwa wa mtu mwingine. Na Enoch alikulia ng'ambo na vidole vilivyochanika kwa nyuzi za nyavu, na kila vuli alikuja kunisaidia kupasua kuni bila kuombwa, nami nikampa samaki wakavu anaporudi kwao. Samaki wao wenyewe! Naye akisema asante.

Mwezi uliopita waliponipeleka Mdomoni kunipiga picha, nilimwambia Noel anifikishe kwenye nyumba ya wazee. Noel alidhani nakwenda kuaga. Persis alikuwa dirishani, mdogo kama binti, anakula pichi za kopo kwa kijiko. Nikamfukuza Noel, nikakaa, nikamwambia yote kama nilivyowaambia ninyi. Hakuacha kula.

Akasema, "Nguzo yangu ina chale tatu na alama ya meno ya mbwa. Miaka hamsini nimekunywa chai chini yake kwenye banda lako. Ulidhani nilikuwa natazama samaki?"

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Dorcas, wewe hujui kudanganya, unakuwa mwekundu masikioni."

"Sasa mbona ulikaa kimya, wewe mwanamke? Ungenitukana hata siku moja ningeirudisha!"

Akaweka kijiko chini. Akasema, "Siku ile mtoto aliponyamaza, kule ng'ambo, nilimsikia mtu mwingine analia huku. Maji yanapitisha sauti. Nikajiambia, mimi nimepata mtoto, yeye abaki na kitu." Halafu akanipa pichi. Tulicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na nesi akaja kutugombeza kama wasichana.

Wanangu, mimi nimelala na jambo hili miaka hamsini na mitano nikidhani linanila mimi peke yangu.

Basi, Wilbert. Unasema maji humfuata mwenyewe, na ni kweli, hata barazani useme hivyohivyo. Yamemfuata. Yamevuka mto mzima peke yake kwenda kwake, kwa sababu mimi niliona uzito wa kuvusha fito moja. Hakuna kesi Ijumaa. Utakwenda sasa hivi kwenye banda la moshi, fito ya tatu kutoka kushoto, imekuwa nyeusi tititi lakini chale zinashikika kwa kidole. Uishushe wewe mwenyewe, siyo Noel. Uvuke nayo, uisimike mbele ya kambi ya Enoch, uipigilie mpaka nisikie hapa. Na wavu wake ulioutupa uushone. Tabitha atakufundisha, maana najua hujui.

Nani kasema mtakula nini? Noel, ni wewe? Mtu mzima una mbwa kumi na mmoja unaniuliza mtakula nini. Mdomo wa Kijito cha Panya wa Maji, upande wa juu, chini ya jabali lenye ufa, hapo Amos aliweka ndoano chini ya barafu kila Novemba, na samaki wa maini manono hawajaisha. Hapana nguzo ya mtu. Nimewaangalizia. Simikeni yenu. Na Enoch akiwakaribisha muweke wavu pembeni mwa wake, mwitikieni kwa adabu, na asipowakaribisha, vivyo hivyo. Enoch, usiseme chochote sasa. Najua macho yako tangu hujajua kusema. Baadaye.

Wilbert analia. Mwacheni. Alikuwa hivi hata alipokuwa mdogo, anapiga kwanza halafu analia. Njoo, baba, nipe hicho kichwa. Hukukosa wewe, ulisimamia ulichoambiwa na mama yako. Nenda kaichukue.

Tabitha, ninyanyue kidogo. Hivyo. Sasa nawaona wote, hata Wilbert kule mtumbwini.

Mungu aliyeuchimba mto huu awape barafu nene mnapovuka na nyepesi inapopaswa kuondoka. Awape karibuu wanaokumbuka njia. Awape watoto wenye kelele. Mkorofishane kwa mambo madogo na mpatane kabla chai haijapoa. Mkipita korongoni nyamazeni. Msiniwekee jiwe, wekeni uzio wa mbao, mpake rangi ya buluu, na hapo juu ya duka la zamani, karibu na Amos, siyo kule mjini kwenye mstari. Sijawahi kuishi vizuri kwenye mstari.

Subirini. Mmesikia? Anapigilia. Taratibu, Wilbert, utaipasua... Vizuri. Vizuri, mwanangu.

Enoch. Sogea, sauti inakwisha. Kwetu wenye msiba hawachimbi kaburi. Watu wa nyumba nyingine ndio huwasha moto ardhi iyeyuke, wakashika sururu, na wenye marehemu hukaa pamoja, wakaletewa chakula. Wewe ulimchimbia Amos siku mbili bila kupumzika. Umewachimbia wote wa kambi hii. Na kwangu umeshajiandaa, nakujua.

Usichimbe. Mwambie mtu mwingine. Wewe kaa hapa... na Wilbert, na Tabitha, na Noel. Katikati yao. Ule kile watakacholetewa. Akitokea mtu akauliza kwa nini hujashika sepetu... mwambie Dorcas alisema... mtoto hamchimbii mama yake.